Paka Aliyehama Juu ya Diski

Wapendwa wangu, kabla hatujasimama kuimba, tulieni niwasimulie habari ya mtu mmoja mwaminifu. Nasema mwaminifu kwa makusudi. Angekuwa mvivu nisingewachosha naye; wavivu tunao wa kutosha humu humu, na mwisho wao tunaujua.

Palikuwa na usharika huko milimani kwenye baridi, ambako asubuhi watu wakisalimiana mvuke unawatoka mdomoni kama wanavuta kiko. Usharika huo ulikuwa na desturi yake. Mtu akiona nguvu zinampungua, alikwenda kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, akaketi mbele ya kinasa sauti, akasema wosia wake. Mtunza sauti alimwekea kikombe cha chai, akabonyeza kitufe, akatoka nje na kufunga mlango. Hakuna sikio lililosikia wosia ule mpaka siku ya maziko. Siku hiyo, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, spika ilifunguliwa na marehemu akasema na watu wake yeye mwenyewe. Ndipo udongo ulipotupwa.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu zamani wosia uliachwa mdomoni mwa ndugu, na midomo ya ndugu mnaijua. Neno linaingia mbuzi, linatoka ng'ombe.

Sasa huyo mtunza sauti alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Kalamu zake zilipangwa kwa urefu. Kompyuta yake kuukuu ilitumia mfumo wa Linux, ambao mafundi wa dayosisi waliupenda kwa kuwa hata mashine iliyochoka inaubeba. Pembeni yake, juu ya meza, kulikuwa na diski ya nje: boksi jeusi, ukubwa wa mkate wa dukani, lina waya wake wa umeme na taa moja ya buluu. Kila Jumamosi saa kumi mashine ilijichukulia yenyewe sauti zote na kuzinakili kwenye folda iliyoitwa Hifadhi. Folda ile ilikuwa kama mlango. Ukiupita, unatokea ndani ya boksi jeusi. Kwa hiyo kila wosia ulilala mahali pawili, na mtunza sauti naye akalala usingizi wake.

Diski ile ikifanya kazi ilitoa joto. Paka wa kanisa, ambaye hakuwa na mwenyewe, aligundua joto hilo kabla ya mtu yeyote, akajilaza juu yake. Miaka mitatu mtunza sauti alipangusa manyoya.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, binti fundi alitumwa kutoka dayosisi kuja kuihuisha mashine. Akaiwekea kiini kipya. Msiogope neno hilo, hata mimi nilieleweshwa mara mbili. Kiini ndicho kinachoamka kwanza mashine ikiwashwa. Ndicho kinachojua hii ni kibodi, hii ni spika, ile kule ni diski. Kiungo ambacho kiini hakikijui ni kama hakipo, hata kama wewe unakigusa kwa mkono. Na viini vipya hutoka kila mara, basi mashine hupokea kipya na kubakiza cha zamani kando. Ukiiwasha, inakuuliza kwa sekunde chache: niamke na kipi? Usipojibu, inaamka na kipya.

Binti fundi alimwambia, "Baba, kile cha zamani nimekiacha. Usikifute mpaka uhakikishe hiki kipya kinavijua viungo vyote. Hii diski yako ya nje imepangwa kizamani, si kila kiini kinaielewa."

"Nitahakikishaje, binti yangu?"

"Unaichomoa, halafu unaangalia kama folda imebaki tupu. Isipobaki tupu, kuna jambo."

"Nichomoe? Si nitaua wosia za watu!"

"Kuna namna ya kuiaga kwanza ndipo unachomoa. Njoo nikuonyeshe."

Huko nje dereva akapiga honi. Mvua ilikuwa inashuka mlimani na barabara ile, ikilowa, haina huruma na gari. Binti akatazama dirishani, akatazama saa.

"Nitakuonyesha nikirudi, baba."

Akaondoka. Hakurudi kwa miezi kumi na mmoja.

Kesho yake mtunza sauti alipoiwasha mashine, mstari mmoja wa maandishi mekundu ulipita kwenye kioo, upesi, kama panya anavyokatiza sebuleni. Mashine ikaamka vizuri. Siku ya pili mstari ukapita tena, na ya tatu. Ninyi mnajua, jambo ukiliona siku tatu ni ajabu; ukiliona siku thelathini ni ukuta wa nyumba yako.

Jumamosi ya kwanza, kunakili kulikozoea kwisha kabla chai haijapoa, kulianza saa kumi na mpaka kengele ya Jumapili bado kulikuwa kunaendelea. Akasema, "Leo imejituma." Akafungua folda ya Hifadhi. Sauti zote zilikuwamo, moja baada ya nyingine, na jina la kila marehemu. Akatazama boksi. Taa ya buluu inawaka. Ungekuwa wewe, ungetaka nini zaidi?

Kulikuwa na mama mmoja mfagiaji, mtu wa maneno yake. Siku moja akasimama na ufagio mlangoni.

"Baba, umemgombeza paka?"

"Paka gani?"

"Paka ni wangapi hapa? Si huyu alikuwa halali ila juu ya kidude chako? Siku hizi anashinda jikoni kwa mwinjilisti. Nimekigusa nikipangusa. Kimepoa."

"Mama, wewe ulitaka paka aote moto juu ya wosia za watu mpaka lini? Mshukuru Mungu kahama."

"Mimi nasema tu. Paka hahami penye joto."

"Basi tumpigie kura awe mzee wa kanisa."

Wakacheka wote wawili, na yule mama akaendelea kufagia. Jamani, wakacheka!

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, aliingia mama mmoja mzee akiegemea fimbo. Mtunza sauti alipomwona, alinyanyuka mbio akamvutia kiti, maana kijiji kizima kilijua habari ya mama yule. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekwenda kufanya kazi mbali, migodini. Baba wa kijana alipofariki, walimpigia simu siku tatu, na kijana hakuja. Alikuja mwezi uliofuata, kaburi limekwisha kuota majani. Mama akasimama mbele ya kaburi la mumewe, mbele ya watu, akasema, "Hukumzika baba yako. Basi na mimi usinizike."

Maneno saba, pungufu ya vidole vya mikono miwili. Lakini milimani kule neno la mama aliyesimama kaburini halifutwi na mtu mwingine. Mdomo uliofunga ndio hufungua. Yule kijana alirudi migodini, na miaka tisa hakukanyaga uani kwa mama yake.

Mtunza sauti akaweka chai. Mama akakishika kikombe kwa mikono miwili, si kwa kiu, kwa baridi.

"Mwanangu, nikisema hapa, itakaa?"

"Itakaa mahali pawili, mama. Hapa," akagusa kompyuta, "na pale," akaonyesha boksi jeusi. "Pakifa hapa, pale papo."

"Na yule wa migodini ataisikia?"

"Akija maziko ataisikia kwa masikio yake."

"Atakuja," akasema mama. "Safari hii atakuja."

Mtunza sauti akabonyeza kitufe, akatoka, akafunga mlango. Alisimama barazani akipuliza viganja vyake. Ndani, sauti ya mama ilikuwa chini mno, hakupata hata neno, na hakutega sikio, maana alikuwa mwaminifu. Mlango ulipofunguka, mama alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya khanga. Akasema neno moja tu.

"Sasa naweza kulala."

Akaenda zake, hatua kwa hatua, fimbo ikihesabu mawe ya njia.

Miezi ikapita. Mashine ikaanza kulalamika kuwa imejaa. Mtunza sauti alishangaa. Sauti za wazee si nyingi kiasi hicho, imejaaje? Lakini hakuuliza. Alitafuta cha kupunguza, akaviona viini vya zamani vimekaa kando bila kazi, akasema, hivi navyo vinakula nafasi ya nini? Akavifuta. Nafasi ikapatikana kidogo, kama ya kuweka kiganja. Kuanzia siku hiyo mashine haikumwuliza tena asubuhi iamke na kipi. Ilibaki na njia moja tu ya kuamka.

Kisha Jumanne moja diski ya ndani ya kompyuta ikaanza kugonga, ka, ka, ka, kama kucha mezani. Mchana ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi.

Mama mfagiaji alishika kichwa. "Baba, wosia za watu!"

Mtunza sauti akamwonyesha boksi jeusi. Hata jasho halikumtoka. "Mama, usilie. Kwa siku kama hii ndiyo nikaweka mahali pawili."

Kesho yake akaipakia kompyuta kwenye gari la kwenda mjini, kwa binti fundi. Alhamisi, yule mama mzee akafariki.

Mwanawe akapigiwa simu mara moja tu, akapokea. Alisafiri siku mbili bila kulala kitandani. Jumamosi asubuhi alifika, mvi zimemwingia, akasimama nje ya ua wa makaburi. Hakuingia. Watu walimletea maji, akayanywa amesimama. Mwinjilisti alimwambia, "Ingia, ndugu yangu, ukae na wenzako."

"Mama alisema nisimzike," akajibu. "Acha nimsikie kwanza."

Maziko yalikuwa saa nane. Saa nne, binti fundi alishuka kwenye gari la dayosisi amekumbatia kompyuta nyingine kama mtoto mchanga. Akaiweka mezani. Akaunganisha boksi jeusi. Mashine ile ilikuwa na kiini kilichoijua diski ya kizamani, na mara boksi likaanza kuvuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuma tangu Kwaresima, lakini mtunza sauti hakulitambua hilo. Alikuwa akitafuta waya wa spika.

"Baba," akasema binti. "Wosia huo ni wa lini?"

"Mwezi wa sita."

Binti akatazama kioo muda mrefu. "Humu ya mwisho ni ya Kwaresima."

"Angalia folda ya Hifadhi."

"Ndiyo ninayoiangalia."

"Binti yangu, mimi nilikuwa naifungua kila wiki! Nilikuwa naziona humo, zote, na majina yake!"

Binti akavuta kiti, akaketi. Alijua amekwisha kulielewa jambo lote, na alitamani asingelielewa. "Ulikuwa unaziona, baba. Lakini kiini kile kipya hakikuijua diski hii. Kikaiacha ikilala na taa yake inawaka. Ile folda ikabaki jina tu, mlango usio na chumba nyuma yake. Mashine ilikuwa inanakili sauti kutoka ndani yake na kuziweka ndani yake yenyewe. Mkono wa kulia unaupa wa kushoto, mwili ni ule ule. Ndiyo maana ilijaa."

"Na ile iliyogonga?"

"Nimeifungua kule mjini jana. Imekwanguka ndani. Hakuna kitu."

Mtunza sauti akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Na kama asubuhi moja ningeiamsha na kiini cha zamani?"

"Asubuhi yoyote ile, baba. Diski ingefunguka, na Jumamosi hiyo ingepokea zote."

"Nilikifuta."

"Nilikuomba usikifute." Kisha akasema, "Na mimi nilisema nitarudi kukuonyesha."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Paka akaingia, akaruka juu ya meza, akalinusa boksi jeusi, akazunguka mara mbili, akajilaza juu yake.

Saa nane watu wote walikuwa kaburini. Spika ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, na waya wake umelala kwenye nyasi haukwenda popote. Mtunza sauti alitembea kutoka kanisani mpaka pale, na njiani, nawaambia kweli, shetani alitembea naye bega kwa bega. Alimnong'oneza: Sema tu kwamba umeisikia. Sema alimsamehe. Nani atakukatalia? Aliyekuwamo chumbani yuko ndani ya jeneza.

Akafika mbele ya yule mwana aliyesimama nje ya ua.

"Sauti ya mama sinayo."

Mwana hakuelewa. "Umeisahau nyumbani?"

"Imepotea."

"Hukuitunza?"

"Niliitunza kila Jumamosi."

"Uliitunza wapi?"

"Ndani ya kile kile kilichokufa."

Mwana alitazama spika, akatazama waya. "Kaka, nakuomba. Wewe ulikuwapo. Niambie tu alisema nini, nitakuamini wewe."

"Nilikuwa nje. Ndiyo desturi yetu."

"Hukusikia hata neno?"

"Alipotoka alisema, sasa naweza kulala."

Neno hilo likapita kati ya watu kama upepo kwenye mahindi. Mwanamke mmoja akasema, "Si mnaona? Alisamehe! Nani anaweza kulala na laana kifuani?" Mwingine akajibu, "Hata aliyekomea mlango hulala." Wakaanza kuvutana pale pale, jeneza likiwa katikati yao. Mwisho msemaji wa ukoo akainua mkono. Alikuwa mtu mwema, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulilolisikia ni moja," akasema. "Lile la miaka tisa. Hatukusikia jingine."

Udongo ukatupwa. Mwana alisimama nje ya ua mpaka koleo la mwisho. Kisha akainama, akachukua konzi ya udongo pale pale alipokuwa, nje, akaishika. Hakuwa na mahali pa kuitupa. Walimwona akishuka mlima nayo mkononi.

Sasa, wapendwa wangu, nawatazama nyuso zenu. Naona mnamhukumu mtunza sauti. Wengine mnamhukumu fundi kwa sababu ya honi na mvua. Mhukumuni, wana sehemu yao. Na sisi wenyewe tuna milango mingapi yenye jina la Mungu juu yake na hakuna chumba nyuma? Tunasali kila asubuhi, taa ya buluu inawaka, tunajionea majina yote yamo, kumbe tunajinakili wenyewe ndani yetu wenyewe. Na akija mtu na ufagio akituambia, mbona umepoa, tunamcheka.

Lakini sikuwasimulia haya kwa ajili ya yule mtunza sauti. Nataka niwaulize kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekiuliza tangu nimeanza.

Yule mama, kwa nini alikwenda kwa mashine?

Mwanawe alikuwa hai. Simu alikuwa nayo. Maziko yalipokuja alipigiwa mara moja akapokea. Tangu mwezi wa sita mpaka alipofariki, mama alikuwa na mdomo wake, na mdomo uliofunga ndio hufungua. Alibeba neno lile kwa fimbo mpaka kanisani, akalisema ukutani, mlango umefungwa, lisikike yeye akishakufa. Kwa nini? Kwa sababu alitaka mwana ndiye aanze. Na mwana kule migodini miaka tisa alikuwa akingoja mama ndiye aanze. Si diski iliyompoteza mwana yule. Diski ilimalizia tu.

Na sisi je? Mama yangu, wewe wa safu ya tatu. Baba yangu, wewe unayetazama viatu. Neno ulilomwekea ndugu yako liko wapi? Umelitunza? Najua umelitunza. Umelitunza ndani ya hicho kifua, ambacho nacho siku moja kitagonga, ka, ka, ka, kisha kinyamaze.

Wimbo wetu ni ule wa kufungia ibada, na hatutauimba sasa hivi. Nimekwisha kumwomba mchungaji. Mwenye simu na atoke nje, asimame pale penye jua, apige. Asiye na salio amwombe jirani. Tutakaa hapa tuwangojee.

Nendeni. Mlango uko wazi.